Glasi ya Hilda

Kijiwe chetu cha kahawa kiko mtaa wa Mukendo, mbele ya duka la vipuri lililofungwa. Hapa tumeshatatua matatizo yote ya dunia, isipokuwa mguu mfupi wa benchi letu, ambao tunauwekea jiwe mwaka wa nne sasa. Jumatano moja, saa kumi na moja jioni, mwenzetu Kasmiri alikuja amekumbatia kitu kwenye gazeti. Akakifungua mbele yetu: glasi ya waini, ya mkewe Hilda, anayeuza dagaa soko la Mwigobero. Tukaipokezana, kila mmoja akaikagua. Mwanaume mzima alikuwa ameiiba kwenye kabati lake mwenyewe, na uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

— Ndiyo hii. Hii ndiyo inanivunjia nyumba.

— Imefanya nini? akauliza Daktari. Jina lake la kweli ni Baltazari. Aliwahi kufagia wodi miezi minne, udaktari akauokota humo humo.

— Hilda akitoka sokoni anaoga, anakaa uani, anamimina waini ya Dodoma. Nusu saa nzima! Anainusa, anaonja kidogo, anaangalia ziwa. Hasemi na mtu. Hata redio anazimaga.

— Na wewe unakuwaga wapi?

— Dirishani. Nachungulia.

— Glasi ngapi?

— Moja tu.

— Moja! Daktari akatikisa kichwa. Hiyo ni mbaya zaidi. Mlevi wa kawaida tunamjua, anaanguka mtaroni, tunambeba. Huyu wa moja moja damu inazoea kimya kimya. Haba na haba hujaza kibaba! Siku moja ataamka hakutambui.

Hapo akaingilia Mwikwabe. Tunamwita Jaji kwa sababu amefika mahakamani mara tatu, zote akiwa kizimbani.

— Ngoja niwaambie. Kwetu pombe ni chungu kimoja, wazee wamezunguka, kila mtu na mrija wake. Unavuta, mwenzako anavuta, mnaonana macho. Anayekunywa peke yake ana mtu nyie hamumuoni.

— Mwanaume? akauliza Kasmiri.

— Mwanaume ingekuwa nafuu. Marehemu! Dalili ya mvua ni mawingu.

Mawingu hayo yalihusiana na nini, hakuna aliyeuliza. Tuliitikia kwa vichwa, maana methali ni methali.

— Au ameanza maisha ya mtandaoni, akasema Daktari. Wanaanzaga na glasi. Baadaye kitambaa cha mezani, halafu jibini, halafu talaka.

Nami nikachangia, kwa kuwa kukaa kimya kijiweni ni kukosa adabu. Nikasema huko ziwani lazima kuna mtumbwi unaompa ishara. Nilipoanza nilijua ni uongo. Nilipofika katikati nikawa nauamini.

— Sasa nifanyeje? Saa kumi na mbili anarudi.

Jaji akatoa hukumu. Glasi itupwe ziwani sasa hivi. Halafu sisi wazee watatu tuwe tunakwenda kukaa naye uani kila jioni, tunywe naye, asiwe mpweke.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Daktari, akijitolea haraka kuliko alivyowahi kujitolea msibani.

Kasmiri aliishika ile glasi kwa mikono miwili.

— Mnajua kinachoniuma? Funda la mwisho. Anafumba macho, anatabasamu. Mimi hajanitabasamia hivyo miaka na miaka. Naogopa ataniacha, jamani.

Mama mmoja alikuwa amekaa mwisho wa benchi na mzigo wake, ametoka Bunda, anaitwa Gati. Alikuwa amemaliza kikombe cha pili cha kahawa.

— Baba, samahani, nimesikia. Huyo Hilda anaamkaga saa ngapi?

— Saa tisa usiku, mama. Awahi dagaa.

— Watoto?

— Wanne. Na mama yangu mzazi.

— Akimaliza hiyo glasi anafanya nini?

— Anapika. Anaimba imba.

— Anakutukana?

— Hapana, mama.

— Sasa mnataka kumtibu ugonjwa gani?

Daktari aliangalia ndani ya kikombe chake kitupu. Jaji aliinama kurekebisha jiwe la benchi. Mimi na mtumbwi wangu tuliona haya.

Kasmiri akasimama.

— Na kamati yetu ya kunywa naye je? akauliza Daktari.

Akaelekea kwenye bomba la maji la jirani. Glasi ilikuwa imejaa wino wa gazeti na alama za vidole vyetu vyote. Tulimwona akisimama pale bombani, akaisuuza, akaifuta kwa shati lake, akaiinua kwenye mwanga, akaifuta tena. Kisha akakimbilia nyumbani, awahi kuirudisha kabla mkewe hajafika.