Historia ya Luhaga Masele, Ikiwa Ndiye Tunayemzika

Wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji poleni, familia inawashukuru kwa kufika hapa Kamanga, na inaomba mtuvumilie, maana historia hii haikunyooka mwishoni.

Luhaga Masele alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa hapa Kamanga, mtoto wa tatu wa mzee Masele na mama Bernadeta, akamaliza darasa la saba mwaka 1999, sekondari akaiacha kidato cha pili kwa kupenda magari kuliko hesabu, akawa utingo wa malori kule Nyakato, hadi mwaka 2008 alipopata leseni na kukabidhiwa lori la kupeleka dagaa nchi jirani. Tarehe 9 Julai 2011 alifunga ndoa na Selina, wakajenga Mkolani, wakajaliwa Queen na Nathaniel. Kuugua hakukujua, hata mafua aliyaita vumbi la dagaa.

Safarini alikuwa na dereva mwenzake, Zadok Odoyo, na utaratibu wao ulikuwa mmoja, Luhaga anaendesha hadi mpakani, ng'ambo anashika Zadok anayejua lugha ya kule, mwenzake akilala juu ya magunia. Tarehe 6 Februari mwaka huu Luhaga alimpigia Selina akiwa mpakani, akasema Zadok ana homa, pengine hata ng'ambo ataendelea kuendesha yeye mwenyewe. Jioni ile ndege za kijeshi zilishambulia wapiganaji waliojificha msituni kule, ndege za nani hatujaambiwa, na lori likaungua barabarani. Kwenye usukani ulikutwa mwili mmoja usiotambulika, mtu wa pili hajaonekana mpaka leo, majibu ya vipimo bado, na kwa kuwa mwili usingeweza kukaa zaidi, ukoo uliamua tumzike kama Luhaga kwa neno lile moja la simuni, pengine.

Selina hajui alie vipi. Anamwomba Mungu kwamba aliyemo ndani ya jeneza hili awe Zadok, kisha anaona aibu, kwa sababu Ajwang, mke wa Zadok, amekaa naye mkeka mmoja tangu juzi, amemshika mkono, naye Selina anajua mwenzake anaomba vilevile, jina tu ndilo tofauti. Jana Ajwang aliomba watie udongo wa kwanza pamoja, asije akajuta baadaye, na Selina akakubali.

Tunawashukuru madaktari waliopokea jeneza, majirani wa Mkolani waliotupikia, na madereva wenzake waliolisindikiza tangu mpakani.

Pumzika kwa amani, Luhaga, baba Queen. Na kama ni wewe, Zadok, pumzika nawe, wake zenu wamekulilia wote wawili.