Mama Kasi, Mpimaji wa Nyota Zilizopasuka

Tarehe thelathini Juni, Mama Kasi atakabidhi funguo za chumba chake cha ghorofa ya pili na kustaafu, baada ya kuitumikia taasisi yetu kwa miaka thelathini na mitatu.

Alikuja akitokea kufundisha fizikia sekondari. Alipewa meza nyuma ya mashine ya kurudufu, pamoja na kazi ambayo wengi waliikwepa: kupima kasi ya mabaki yanayorushwa na nyota kibete nyeupe, yaani viini vya nyota zilizozeeka, zinapolipuka. Nuru ya mlipuko huchanuliwa rangi kwa rangi. Ndani yake mna alama nyeusi ya silikoni, na kadiri alama hiyo inavyosogea upande wa buluu, ndivyo mabaki yalivyorushwa kwa kasi zaidi. Kwake, kilomita elfu kumi kwa sekunde ni mwendo wa kawaida tu. Jina lake, hata hivyo, alipewa na dereva wa basi la wafanyakazi, maana kila asubuhi ndiye aliyekuwa akisubiriwa. Wageni kwenye makongamano walidhani ni jina la heshima, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Mpishi wa kantini aliwahi kumuuliza nyota ikishapasuka yeye huifanyia nini. Alicheka mpaka chai ikapoa, kisha akamweleza mpaka mboga zikaungua. Siku hiyo tulikula mkate mtupu.

Lakini tukio linalotufanya tumheshimu zaidi halikuwa la kuchekesha. Mkuu wetu wa kitengo wa sasa, wakati huo binti mdogo, alikuwa mwanafunzi wake wa uzamivu. Wawili hao walikuwa wamegundua kwamba milipuko yenye mabaki ya kasi kubwa hutokea zaidi katika galaksi kubwa. Makala ilikwisha kukubaliwa, siku ya kutetea tasnifu ilikwisha kupangwa, na shangazi za binti walikwisha kushona nguo. Ndipo Mama Kasi, akipitia michoro kwa mara ya mwisho, alipoona kasoro: katika baadhi ya vipimo, nuru ya galaksi yenyewe ilikuwa imechanganyika na nuru ya mlipuko, na kuisogeza ile alama.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kunyamaza. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi akaiondoa makala, ndipo akamwita binti. Binti alilia. Mama Kasi alimwacha alie, kisha akamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kupima hivi. Tutarudia wote, na lawama ni yangu."

Alimpigia simu baba wa binti yeye mwenyewe. Mzee aliuliza kama udaktari wa mwanawe ndio umekwenda na maji. Alijibiwa kwamba umechelewa, haujapotea.

Walitumia karibu mwaka mzima kuondoa nuru ya kila galaksi na kupima upya, meza moja, bega kwa bega. Tofauti ilipungua, ila haikutoweka: milipuko ya kasi bado ilitokea zaidi katika galaksi kubwa, hasa karibu na vitovu vyake. Matokeo yalikuwa na majigambo machache kuliko ya awali, lakini yamesimama hadi leo. Siku ya mahafali, mzee yule alimshika Mama Kasi mkono akampeleka kuketi na familia, kati ya shangazi wawili.

Anakwenda kupumzika na mumewe, fundi cherehani, ambaye ameshamwandalia kiti barazani na kumwonya asimletee hesabu.

Mama, ahsante kwa subira yako, kwa vicheko, na kwa vijana uliowasimamia hadi wakasimama. Siku hizi, kabla takwimu yoyote haijatoka katika kitengo hiki, kuna mtu huuliza, "Una hakika?" Tulijifunza kwako kuuliza hivyo bila kumdhalilisha mtu. Nenda kwa amani. Afya iwe nawe, nyumba yako ijae wapendwa, na siku zako ziende polepole.