Mabawa ya Kipenga

Benchi letu liko nje ya studio ya picha, chini ya bati lililotokeza, na lina nafasi ya watu wanne na birika. Napenda kila mtu aitwe kwa jina lake, kwa hiyo nitawataja kama wanavyoitwa. Mwenye studio ni Miujiza. Jina hilo alijipa mwenyewe, akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu, maana kazi yake ni kuchukua picha ya mtu aliyesimama kwenye ukuta wa choo na kumrudishia akiwa juu ya mawingu, au amepanda simba, au anashuka ngazi za jumba la dhahabu. Kinyozi wa mlango wa pili ni Chanuo. Dereva mstaafu wa malori ni Gia. Fundi Saa ni fundi saa, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kumtafutia jina jingine. Mimi wananiita Karani, ingawa nilistaafu nikiwa karani mkuu. Tofauti hiyo nimekwisha acha kuieleza. Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa tumekaa na vikombe mkononi, tukisubiri picha ya Kipenga itoke kwenye printa.

Kipenga alikuwa binti wa Fundi Saa. Nyumbani alikuwa na jina lake kamili, lakini hapa kijiweni Gia alimwita Kipenga kwa sababu alipong'oka meno ya mbele alijifunza kupiga mluzi kwenye pengo, akawa hapiti hapa bila kutupigia. Alifariki mwaka jana akiwa na miaka saba. Baadaye mama yake aliibiwa simu, na picha zote za mtoto zikaenda nayo. Ikabaki moja tu, aliyoipiga baba kwa simu yake wodini: mtoto amekaa kitandani, amefungwa kichwani kitambaa cha maua cha mama yake kwa kuwa nywele zilikuwa zimekwisha, jicho moja limelegea, na anacheka pengo wazi. Mama alitaka picha hiyo ikuzwe na kutundikwa sebuleni. Hakutaka kingine.

Mengine tuliyataka sisi.

— Miujiza! Mawingu umeweka? Gia alipaza sauti kuelekea mlangoni.

— Nimeweka. Ya juu na ya chini.

— Yasiwe meupe sana. Mimi nimeyapita kwa lori kule milimani, nayajua. Yana kijivu kijivu, kama pamba ya godoro la zamani.

— Gia, wewe hata ukienda peponi utarudi kutuambia barabara mbovu, alisema Chanuo.

— Barabara mbovu ni mbovu tu, bwana.

Fundi Saa alicheka. Nilifurahi kumsikia, maana mwaka mzima alikuwa akija, anakunywa kahawa yake, na kurudi kwenye meza yake ya saa bila neno. Picha hii ndiyo iliyomfungua mdomo. Kila asubuhi Miujiza alitugeuzia kompyuta mlangoni tuone alipofikia, na kila asubuhi tulikuwa na la kuongeza.

— Nywele ni zangu zile, Chanuo alisema. Mwisho wa picha aandike: nywele na Chanuo. Nikitazama kichwa tu najua kinataka nini. Kile kilitaka mabutu mawili, yamekaa hivi.

— Hujawahi kusuka mtoto wa kike maisha yako yote, alisema Gia.

— Kusuka na kujua ni vitu viwili.

— Na macho ni ya Karani, alisema Fundi Saa.

— Jicho, nikamsahihisha. Nilisema jicho moja, lile lililolegea, lifunguliwe liwe kama mwenzake.

— Basi Miujiza kayafungua yote mawili mpaka yamekuwa kama taa za basi. Lakini mazuri.

— Na meno je? Gia aliuliza. Nani alisema pengo lizibwe? Mimi sikusema. Mimi jina nililompa limetoka kwenye pengo lile.

Fundi Saa akaweka kikombe chini.

— Nilisema mimi. Sasa hivi yangekuwa yameshaota.

Chanuo alikuwa ndiye aliyelianzisha hilo la kuota, siku kadhaa nyuma. Alitueleza kwamba watoto wakifa hawabaki vile vile, wanaendelea kukua huko waliko, na kwamba kumwacha Kipenga na miaka saba ni kumrudisha darasa. Gia alimwuliza nani anawanyoa huko. Lakini Fundi Saa aliisikiliza nadharia ile kwa makini, kama anavyosikiliza saa sikioni, na kesho yake akamwomba Miujiza amrefushe mtoto uso kidogo na shingo kidogo, afikishe minane au tisa.

Ndipo printa ikaanza kulia ndani. Miujiza alitoka ameishika picha kwa ncha za vidole, rangi bado mbichi, akaibana kwa vibanio kwenye waya wa mlangoni anapoanikia kazi za wateja. Tukasimama.

Sitasema uongo, ilikuwa kazi nzuri. Msichana amesimama juu ya wingu lenye kijivu chake, amevaa gauni refu la rangi ya maziwa. Mgongoni ana mabawa makubwa, kila unyoya na kivuli chake. Simba amelala miguuni kama paka. Nyuma kuna mwezi mkubwa kuliko nyumba, na msichana anatabasamu kwa meno yaliyopangika, ngozi inang'aa, mabutu mawili yamekaa kama alivyoagiza Chanuo.

— Malkia! Gia alisema.

— Toa sauti polepole, utamwamsha simba.

Fundi Saa alisogea. Alitoa mfukoni lenzi yake, ile anayoibana jichoni anapofungua saa, akaiweka jichoni na kuikaribia picha. Alianzia kwenye paji la uso, akashuka machoni, akashuka puani, akakaa sana mdomoni. Kisha akaitoa lenzi na kuifuta kwa shati.

— Nzuri, alisema. Sana, ndugu yangu. Sasa nipe na ile nyingine.

— Ipi?

— Ya wodini. Mama yake anakuja kuchukua leo. Nitampa hii, na ile nayo nimpe.

— Ile ndiyo hii, Fundi.

— Hii ni hii. Nasema ile ya kitambaa.

Miujiza alikuna shingo.

— Fundi, mimi sifanyi kazi pembeni. Nafanya kazi juu ya picha yenyewe. Nikitoa kitambaa, nahifadhi. Nikiweka nywele, nahifadhi. Mnakuja asubuhi, mnaniambia macho, nafungua macho, nahifadhi. Juu kwa juu. Ndivyo nilivyojifunza.

— Si kitu. Kwenye simu yangu ipo.

Fundi Saa alitoa simu. Tulimwona akipekua kwa kidole gumba, kwanza haraka, kisha polepole. Saa za wateja. Saa iliyofunguliwa. Gurudumu. Mlango wa duka. Saa nyingine.

— Haipo.

— Siku ile uliponiletea simu, Miujiza alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, nilichomeka kebo nikaihamisha.

— Ukainakili.

— Niliihamisha. Mimi huwa nahamisha, Fundi. Picha za watu zikibaki huku na huku zinanichanganya, naweza kumpa mtu mtoto wa mwenzake. Ikitoka kwa mtu inakuja kwangu, inakuwa moja tu.

Ilikuwa moja tu. Fundi Saa alirudi akakaa kwenye benchi, simu mkononi, na akaendelea kupekua ingawa tulikuwa tumeshafika mwisho wa picha zote.

— Ngoja kwanza, alisema Chanuo. Msimkatishe mtu tamaa. Kompyuta ina pipa la taka. Kitu ukikifuta kinakwenda pipani. Shemeji yangu alifuta cheti cha shule, wakakitoa humo kizima.

— Sikufuta, alisema Miujiza. Nilihifadhi juu yake.

— Basi iko chini yake! Kama rangi ya ukuta. Ukiikwangua ya juu, ya zamani unaikuta.

— Haikwanguliki, Chanuo.

— Hujajaribu.

— Msikilizeni Miujiza anajifanya hajui, Gia aliingilia, na nikaona kwamba alikuwa anamtazama Fundi Saa na si Miujiza. Picha haipotei, bwana. Ukipiga tu, hata kabla hujashusha mkono, imeshapanda juu. Zile satelaiti mnadhani zinazunguka bure? Zina picha ya kila mtu. Za watoto zina chumba chake.

— Chumba cha nini angani?

— Chumba! Kama ghala. Kila mtoto na rafu yake. Ni kuandika barua ya kuomba, ukitaja wodi na kitanda. Karani hapa ataandika, kizungu chake kile cha zamani, wataogopa wenyewe.

— Nitaandika, nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

— Na isipokuwa huko, Chanuo akaendelea, sasa hata yeye amekazana, iko kwenye kioo cha simu. Kioo kinakumbuka. Mimi kioo changu cha kinyozi, naapa, asubuhi kabla ya wateja kuna nyuso humo. Zimepauka, lakini zipo. Fundi, simu hiyo uiweke juani, uitazame kwa pembeni.

Fundi Saa aliigeuza simu, akaitazama kwa pembeni. Hakuwa anamwamini Chanuo. Alifanya tu.

— Mnakumbuka lile jicho? aliuliza. Lilikuwa limelegea la kulia au la kushoto?

— La kushoto, alisema Gia.

— La kulia, alisema Chanuo.

— Upande wangu au wake? aliuliza Fundi Saa.

Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeagiza lifunguliwe, na kwa kuwa wanajua sikosei majina wala tarehe. Nilijaribu kuliona. Niliona wodi, niliona kitanda, niliona kitambaa na maua yake ya njano. Na chini ya kitambaa niliuona uso huu uliokuwa ukikauka mlangoni, na macho yake mawili makubwa.

— Sikumbuki, nikasema.

— Nilimtazama kila siku kwenye simu hii, Fundi Saa alisema. Kila siku kabla ya kulala. Tangu Miujiza aanze nimekuwa namtazama yule wa kompyuta. Nikifumba macho sasa hivi anakuja yule mwenye mabutu.

Miujiza alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ameshikilia fremu ya mlango. Alianza kusema kwamba anaweza kumtengeneza tena, akirudishe kitambaa, atoboe pengo, alegeze jicho lolote watakalokubaliana. Alisema ana vitambaa vya maua vya kila aina kwenye kompyuta. Kisha yeye mwenyewe akaacha katikati.

Mama yake Kipenga alikuja akitokea kazini, zamu ya usiku, bado amevaa koti la kiwanda cha sabuni, na chini ya kwapa amebeba fremu mpya ya mbao iliyofungwa kwa gazeti. Si mtu wa kufika kijiweni. Tulisogea kumpisha akae, hakukaa.

— Shikamoo Karani.

— Marahaba, mwanangu.

— Za hapa, mashemeji? Leo mbona mmepoa hivyo, kahawa imekwisha?

— Ipo, shemeji, alisema Gia. Ipo kidogo.

Alimtazama mumewe, akamtazama Miujiza, kisha macho yake yakapanda kwenye waya. Alisogea karibu na picha, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona uso wake ukilainika. Alitaka kugusa mabawa, akakumbuka rangi haijakauka, akakirudisha kidole.

— Una mkono, Miujiza, alisema. Hebu ona mabawa haya. Na simba wake! Atafurahi mama yake akimwona.

Akainama kidogo amtazame usoni vizuri.

— Mtoto wa nani huyu?