Risala ya Wakaguzi wa Laini ya Kök-Bel Kuhusu Kitufe cha Kijani

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Mirlan Toktosunovich. Mkuu wa kituo. Wazee wa bonde. Wake zetu mliokaa karibu na jiko kwa haki yenu. Ndugu wote mliofika:

UKARIBISHO

Sisi wakaguzi ishirini na wawili wa laini ya umeme ya Kök-Bel tunafurahi kukuona katika sherehe ya miaka hamsini ya laini yetu, na tunafurahi zaidi kukuona mwezi wa kwanza. Viongozi wengine huja mwezi wa saba, nyasi zikiwa magotini na maziwa ya farasi yakiwa tele. Hupiga picha na nguzo, kisha hurudi mjini wakisema tunaishi peponi. Wewe umekuja kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, na gari lako limekwama mara mbili. Tunaomba radhi kwa kucheka mara ya pili. Mara ya kwanza tulijizuia.

Mkate upo, siagi ipo, maandazi yanatoka jikoni sasa hivi, chai ya chumvi ipo. Koti usivue bado, ukumbi huu huchelewa kupata joto.

HISTORIA FUPI

Laini yetu ina nguzo mia mbili na kumi na sita, kutoka bondeni hadi upande wa pili wa mlima. Barafu ikizishika nyaya, zinanenepa kama paja la mtu, na asipokuwepo wa kuziona mapema nguzo huanguka na miji mitatu hukaa gizani. Kwa hiyo wakati wa baridi kila mmoja wetu hupewa kipande chake cha mlima, kibanda chake na siku zake tano. Hutembea kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, peke yake. Tungependa kutembea wawili wawili, lakini hatujawahi kuwa wengi kiasi hicho.

Kwa miaka kumi na tisa aliyetulinda huko juu alikuwa Dada Zuura, yaani Zuurakan, mwendesha redio wa kituo. Alikaa bondeni mbele ya mashine yake, na kila saa alituita mmoja mmoja. Hakuuliza hata siku moja kama uko salama. Alisema mtu aliyeshikwa na baridi ndiye hodari wa kusema yuko salama. Yeye alikuambia hivi: "Haya, nitajie baba zako."

Mgeni rasmi, wewe ni Mkirgizi kama sisi. Ulikaririshwa baba zako saba, kizazi juu ya kizazi, kabla hujajua kufunga viatu, na ukikosea babu alikufinya sikio. Mtu mzima mwenye akili timamu huwataja wote saba kwa pumzi moja. Mtu ambaye baridi imeanza kumpanda kichwani hufika wa tatu au wa nne, akasimama, wala hajui kwamba amesimama.

Mwenzetu Kubat amekubali tulisimulie lake. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka wa saba wa Dada Zuura, saa tano asubuhi, jua kali, anga safi kabisa.

"Kubat, baba zako."

"Aa, Dada! Si nimewataja saa moja iliyopita? Hawajabadilika."

"Wataje, usinimalizie betri."

"Kubat wa Sheishen, Sheishen wa Bolot, Bolot wa... Bolot wa... Dada, leo huku kuna joto, bwana. Nimevua kofia."

"Vizuri. Kaa hapo hapo uniimbie, nimekosa muziki leo."

Huku Dada akimsikiliza anaimba, mkono wake mwingine ulikuwa unapiga kengele ya ukumbini, maana anayeganda mwishoni huhisi joto akavua nguo. Tulimkuta Kubat ameketi kwenye theluji mwenye raha zake, masikio meupe kama maziwa. Leo yuko mstari wa pili hapo. Sikio la kushoto limepungua kidogo, naye husema halikuwa zuri tangu mwanzo.

Tusimsahau Vasili, Mrusi wetu, ambaye ukoo wake anaujua hadi kwa babu tu. Dada Zuura alimpa kazi ya kutaja supu ya bitiruti ya mama yake, kuanzia mfupa hadi maziwa ya mgando, kwa mpangilio. Siku aliyotia bitiruti kabla ya maji, alifuatwa na wapanda farasi watatu. Akakutwa mzima kabisa, amechanganyikiwa kwa njaa tu. Tulimtania mwaka mzima, lakini tulikwenda.

MAFANIKIO

Umeme wa miji mitatu haukukatika kwa uzembe wetu. Barafu iliyoangushwa kwa fito zetu hatujui ni tani ngapi, na kwenye taarifa tuliandika nyingi. Na katika misimu kumi na tisa ya Dada Zuura hatukuzika hata mtu mmoja.

CHANGAMOTO

Viatu vyetu vinavuja. Hilo limo katika kila risala tuliyowahi kusoma, nasi tunalisoma tena kwa heshima ya desturi.

Changamoto yenyewe ni hii. Mwaka juzi ofisi ya kanda ilituletea vifaa vidogo vya mfukoni. Kila saa kifaa hulia, nawe unabonyeza kitufe cha kijani, na kwenye skrini hapa kituoni nukta yako hubaki kijani. Usipobonyeza, kifaa husubiri saa nzima nyingine kabla ya kupiga kelele. Siku ya kuvizindua tulipiga makofi. Mashine ya redio ilifungwa, masafa yakafungwa, na Dada Zuura akapewa zulia na barua ya shukrani.

Tungependa kukuambia kwamba tulionewa, Mkurugenzi. Hatukuonewa. Ofisi ilituuliza kwanza, nasi tulijibu kwa barua ambayo bila shaka unayo kwenye jalada lako. Tuliandika kwamba sisi ni watu wazima wenye familia, tumechoka kuulizwa baba zetu kila saa kama watoto wa chekechea. Saini ni ishirini na mbili. Dada Zuura alionyeshwa barua ile. Alisoma majina yote hadi mwisho, akavaa koti lake, akaenda nyumbani.

Tarehe kumi na nne mwezi uliopita, Joomart wa Sagyn alikuwa kwenye kipande cha nguzo ya tisini. Upepo ulimwangusha, ski moja ikavunjika, akalowa mikono. Haya tuliyasoma baadaye kwenye alama za theluji. Saa nne kifaa kililia, akabonyeza kijani. Saa tano akabonyeza kijani. Saa sita na saa saba, kijani. Tulipomfikia, saa kumi, glovu zake zilikuwa zimepangwa vizuri pembeni, kama mtu aliyeingia nyumbani. Kibanda kilikuwa hatua mia mbili mbele yake.

Hakutudanganya. Tunaamini alidhani yuko salama. Kidole gumba kimezoea kubonyeza, na hakihitaji kichwa ili kibonyeze. Baba zake saba hakuna aliyemuuliza.

Hapa naomba niache kusema sisi. Mimi ninayesoma, Emilbek, ndiye niliyekuwa zamu ya skrini siku hiyo. Niliona kijani mara nne, nikaenda kunywa chai. Sikuvunja kanuni yoyote, na uchunguzi umeniandikia hivyo. Mke wa Joomart ananisalimia barabarani.

OMBI

Mkuu wetu wa kituo aliipitia risala hii jana na kuiruhusu. Ukurasa huu wa mwisho hakuuona, kwa hiyo asiulizwe.

Vifaa vibaki, vinaonyesha mahali mtu alipo na vimetusaidia. Tunachoomba ni mtu. Tunaomba kila saa kuwe na mtu anayetujua kwa sauti, atuite kwa jina, atuulize jambo ambalo kichwa kilichoganda hakiwezi kulijibu. Tunaiondoa barua yetu. Tulikosea, na aliyelipia kosa letu si sisi tulio hapa ukumbini.

Jumapili tulikwenda kwa Dada Zuura, wote, tukiwa tumeshika kofia. Alitusimamisha uani muda mrefu. Kisha akasema: "Mmechelewa, nyie." Akasema tena: "Vasili, na wewe umo? Ingieni basi, mnaniachia mlango wazi." Leo amekuja. Ni yule mama mwenye shali ya kijivu, safu ya nyuma.

Mashine iliyofunikwa kitambaa mbele yako siyo zawadi. Ni redio yake. Tumeiwasha asubuhi hii bila kibali cha ofisi yako, na mwenzetu Ishen aliye mlimani amepanda na redio ya mkononi, pia bila kibali. Adhabu ikiwepo, tumesaini wote, na safari hii tulijua tunachosaini.

Mgeni rasmi, desturi yetu ni kumtakia msafiri njia nyeupe. Kwa majira haya sisi tunakutakia nyeusi, lami ionekane hadi mjini. Mungu akupe afya, watoto wako wasikusubiri mlangoni kwa hofu, na mikono yako isijue ganzi.

Ni sisi wakaguzi wa laini ya Kök-Bel. Ishirini tumo humu ukumbini. Joomart yuko makaburini nyuma ya kituo. Ishen yuko nguzo ya mia moja na kumi na nne, peke yake, na saa ya ukutani inasema ni saa saba kamili. Tunaomba ukumbi wote unyamaze, Mkurugenzi, ili Dada apite mbele amwite.