Lutgart Dhaene Aaga Malango ya Wervinge

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Lutgart Dhaene anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ya kuinua daraja na kufungua malango ya maji ya Wervinge, kwenye mfereji wetu. Amesema hataki hotuba. Kwa hiyo sisi wenzake kazini tumeandika.

Alikuja kwetu akiwa binti wa nahodha wa meli ya mizigo, akaomba kazi ya nchi kavu. Alipewa kibanda chenye maji pande tatu. Hakulalamika. Upande wa nne alipanda vitunguu.

Wakongwe wanakumbuka siku alipomkaripia mumewe, Firmin, kwa simu huku kipaza sauti cha malangoni kikiwa wazi. Kuanzia kiwanda cha saruji hadi maghala ya nafaka, mfereji mzima ulisikia kwamba Firmin ameunguza viazi tena. Nahodha mmoja akajibu kwa redio: "Mama, msamehe mzee, halafu tufungulie." Nahodha alifunguliwa. Kuhusu Firmin hatuna taarifa.

Ila lipo jambo moja ambalo mwenyewe hapendi litajwe. Ndugu wawili, Odiel na Maurits Calleboot, kila mmoja na meli yake, walikuwa hawasemeshani tangu mazishi ya mama yao. Sote tulijua kwamba wale hawaingizwi pamoja kati ya malango, pale maji yanapopandishwa au kushushwa ili meli zivuke. Lakini alasiri moja ya Januari mfereji ulianza kuganda, na ambaye angebaki nyuma angekwama kwenye barafu. Lutgart akawaingiza wote wawili, ubavu kwa ubavu.

Maji yalipoanza kushushwa, Odiel aliteleza sitahani akatumbukia kati ya meli yake na ukuta. Meli ilikuwa imejaa mchanga, nayo ikaanza kurudi ukutani taratibu. Lutgart alisimamisha maji, akatoka mbio na upondo wenye kulabu, akamnasa Odiel kwenye kola ya koti. Kumvuta peke yake hakuweza. Maurits alikuwa amesimama kwenye meli yake, ameduwaa.

"Maurits! Huyo ni ndugu yako au gunia?" Lutgart akafoka. "Ruka!"

Maurits akaruka. Alijilaza kwenye sitaha ya ndugu yake, akakita miguu ukutani, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Meli ikasogea kidogo, kiasi cha kumpitisha mtu mmoja mnene. Odiel akavutwa juu, midomo ya buluu, kiatu kimoja.

"Umenenepa," Maurits akamwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa ndugu yake kwa miaka sita.

"Na wewe umezeeka," Odiel akajibu, meno yakigongana.

Lutgart aliwakalisha kibandani, akawapa supu ya njegere, akakataa kufungua malango mpaka waimalize. Yeye hakula. Alisimama kando ya jiko, koti bado mwilini. Alisema ni baridi.

Ndugu hao waliuza meli moja, na sasa wanasafiri pamoja. Wanagombana kila siku kwenye redio yetu.

Lutgart, asante kwa kila meli iliyopita salama mikononi mwako. Tunakuombea afya, asubuhi za kulala mpaka utosheke, na Firmin aliyejifunza kupika. Usijaribu kuikwepa sherehe ya kukuaga kwa mlango wa nyuma. Kina Calleboot wamepewa kazi ya kuulinda, na tangu jana wanabishana nani asimame kushoto.