Mwende Mutiso Anastaafu, Saba Wamebaki Chini

Baada ya miaka ishirini na tatu ya kazi katika kituo chetu hapa Peckham, Bi. Mwende Mutiso, ambaye watoto na wazazi wote humwita Kocha, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Upande wa pili wa karatasi hii kuna wasifu wake kwa Kiingereza. Umeandikwa na ofisi, ni mzuri, na una picha. Huu wa Kiswahili aliuomba mwenyewe. Alisema, "Andika wewe, na usinipake sukari." Basi mwenye kutafuta sukari ageuze karatasi.

Kwa wageni waliofika leo kwa ajili ya pilau tu, tuanze na kazi yenyewe. Cheerleading ya mashindano si wale wasichana wanaopunga vishada pembeni mwa uwanja wakiwashangilia wanaume wanaocheza mpira. Hapa hakuna mpira, na hakuna wa kushangiliwa. Timu inaingia kwenye zulia, muziki unalia kwa dakika mbili na ushei, watoto wanapinduka, wanaruka, wanainuana, na majaji wanatoa alama. Katika kuinuana kuna mtoto wa juu, kuna wawili wa chini wanaomshika nyayo, na kuna wa nyuma anayelinda mgongo wake. Wa juu ndiye anayeonekana kwenye picha. Kocha Mwende alifanya kazi na wale wengine.

Aliingia kazini kwa ugomvi. Alikuwa amekuja kumchukua mpwa wake, naye kabla ya kuhamia Uingereza alikuwa mwalimu wa michezo kule Machakos. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akamwona mtoto wa juu anaanguka na wale waliomshika wanatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mtoto akaangukia mkono. Mwende alivua koti, akaenda moja kwa moja kwa kocha wa wakati ule, mama mmoja Mwingereza, akamwambia kwamba hawa wamefundishwa kuinua lakini hawajafundishwa kupokea. Yule mama akamjibu, "Basi njoo Jumamosi uwafundishe wewe." Akaja. Mwaka uliofuata yule mama alihama London, na Kocha hakuonja tena Jumamosi ya kulala.

Somo lake lilikuwa moja. Kitu kikikuangukia, mwili unataka kukwepa, hata mtu mzima hukwepa. Yeye aliwafundisha watoto wa miaka minane kufanya kinyume: anayeanguka, unamwendea. "Sogea ndani!" Sauti hiyo ilisikika hadi kituo cha basi. Alianza kuwarushia sweta, kisha mto wa kochi, kisha viazi alivyonunua njiani, na mtoto aliyekwepa kiazi alikimenya. Ofisi ilipogundua, viazi vikapigwa marufuku, na supu ya viazi hivyo tuliyokunywa baada ya mazoezi ikaisha siku hiyo hiyo. Lakini somo lilikuwa limeshaingia. Kwa miaka yote hiyo watoto walitegua vifundo, walivunjika kucha, na mmoja aling'oka jino la maziwa ambalo lingeng'oka tu. Hakuna aliyefika chini peke yake.

Aliwahesabia mapigo kwa Kiswahili. Hesabu ya mchezo huu huenda hadi nane, kisha inarudi moja. Ndiyo maana watoto wetu waliozaliwa hapa, ambao ukiwauliza jambo kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, wote wanahesabu vizuri kabisa hadi nane. Tisa hawaijui. Mzazi mmoja alipolalamika, Kocha alimwambia, "Mimi nimefika nane. Tisa na kumi ni kazi yako nyumbani."

Kuna habari ya ribini pia. Timu zote huvaa ribini kubwa utosini, na ribini za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya nywele laini zinazofungwa nyuma kama mkia wa farasi. Juu ya nywele zilizosukwa za binti zetu zilikuwa zinaning'inia kama popo. Kocha alipanda treni hadi Rayners Lane, upande wa pili wa London, kwa Sudha, mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake hakijachuja. Sudha aliipima ile ribini kwa macho, akasema, "Mwende, hii ni ya kichwa ama ni pazia la sebule?" Kisha akashona mpya zenye mpira wa kuvutika unaozunguka kichwa, na akaendelea kuzishona kila msimu. Leo yupo, ameketi karibu na dirisha. Msalimieni.

Siku nyingine za wiki Kocha alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee. Mara moja alikwenda zamu akitoka mashindanoni, uso bado unametameta kwa ile poda ya kung'aa. Mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa sana alifumbua macho, akauliza kama malaika wameshafika. Kocha akamjibu, "Bado, mzee. Kunywa chai kwanza."

Na kila Jumamosi, wakati wa kutandaza mazulia mazito ya mazoezi, alikuwepo Telesphor, mlinzi wa jengo, mtu wa Bukoba, kwenye kahawa na panzi wa kuliwa, na utani wake ule ule. "Kocha, leo tunaanika kahawa au senene?"

"Tunaanika wavivu. Shika upande huo."

Sasa tufike kwenye yale ambayo hayako upande wa pili wa karatasi.

Mwezi wa Aprili, kwenye mashindano, kijana mwenye kipaza sauti alimwuliza Kocha kama mchezo huu unakua au unapungua. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ngazini, timu zimepanga foleni kwenye korido tangu asubuhi, na hewa yote ni dawa ya kupulizia nywele. Kocha alisema, "Inategemea umekaa wapi. Ukikaa huko kwenye viti, unakua. Njoo Peckham Jumamosi uone." Hakuja.

Angekuja angeona hivi. Klabu ndogo tulizokuwa tukikutana nazo upande huu wa mto, moja ilifungwa wakati wa korona na haikufunguliwa tena, nyingine ukumbi wake sasa unahifadhi vifurushi, na ya tatu imemezwa na klabu kubwa. Klabu kubwa zina majengo yao, sakafu zenye springi, na vioo ukuta mzima. Huenda idadi ya watoto wanaocheza imepanda kweli, hatubishi. Milango ndiyo imepungua, na hilo tunalijua kwa miguu, tukisukuma vigari vya watoto.

Msimu huu tulikuwa na watoto kumi. Kanuni ya kituo ni kwamba timu ikishuka chini ya kumi, ukumbi unapewa wengine. Mwezi wa Mei klabu moja kubwa ilitaka kuwaona watoto wetu. Kocha alikubali kwa sharti moja: wawaone wote kumi, kwa sababu alitumaini watawachukua wote kumi, na yeye aondoke akijua wana pa kwenda. Akawapeleka mwenyewe, mabasi mawili, ribini vichwani. Wiki iliyofuata simu ikaja. Wanawataka watatu: wawili wa juu, na yule mdogo anayepinduka kama gurudumu. Wale saba wengine, sita kati yao wabebaji, hawakutakiwa. Kocha naye walimtaka, awe wa kuonekana kwenye sherehe zao na kuwatuliza hao watatu. Alikataa kabla hawajamaliza sentensi.

Wazazi tulikutana hapa ukumbini, na haukuwa mkutano wa adabu. Watatu wale walikuwa wameshaandikishwa kwetu kwa msimu ujao, na Kocha angeweza kuwazuia. Akiwazuia, tuna kumi, na tuna ukumbi. Akiwaachia, tuna saba, na mlango unafungwa. Tulimwambia awazuie. Wengine tulimwambia kwa ukali.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mtoto ameshapanda juu. Sasa mimi nimvute mguu?"

Baba mmoja akamwuliza, "Na hawa walio chini, Kocha, watashikwa na nani?"

Kocha aliwaachia watatu waende. Mwandishi wa maneno haya, ambaye binti yake ni mmoja wa wale saba, alitoka mkutanoni bila kumuaga, na hadi leo hasira haijaisha yote. Kocha anajua. Ni yeye aliyesema bila sukari.

Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wale saba yeye mwenyewe, na goti lake lile bovu, katika majengo ambayo lifti zake ni za bahati nasibu. Kwa Célestine, mama wa Bukavu mwenye saluni pale karibu na stesheni, alipokewa kwa kiti lakini si kwa tabasamu.

"Kocha, sema tu ukweli. Mutoto yangu ni muzito?"

"Ni imara, mama."

"Imara ni muzito yenye ilisoma shule."

Kocha akamwita mtoto, akapiga magoti mbele yake, na mnajua magoti yale yanavyokataa kupiga. Akamwambia kwamba katika miaka yote ya kazi hajapata wa nyuma kama yeye, na kwamba waliomwacha walikuwa wanatazama juu. Mtoto akamwuliza kwa Kiingereza kama Jumamosi kuna mazoezi. Akamwambia imebaki Jumamosi moja. Célestine alimsaidia kuinuka na akamsindikiza hadi chini, ngazi zote.

Alitafutwa wa kushika nafasi yake, hakupatikana. Tunaoijua kazi ni sisi tuliopita mikononi mwake, na sasa tuna watoto wachanga na zamu za usiku. Ofisi ilipouliza, tulitazama viatu vyetu. Isiandikwe kwamba mchezo umekufa kwa kukosa wapenzi. Ulikosa mikono isiyochoka.

Jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Telesphor alitandaza mazulia yote, ingawa nusu yangetosha. Hakuuliza kuhusu kahawa wala senene. Watoto saba walivaa ribini zao bila kuambiwa. Tulidhani Kocha atawachezesha michezo midogo, awape keki, waende. Aliwapanga kwenye nafasi zao za mashindano, akaacha wazi nafasi za wale watatu, akawasha muziki.

Walifanya yote. Ilipofika pale pa kuinua, wale sita wakaingia chini kwa watatu watatu, wakakunja magoti, wakainua mikono mitupu, wakaishikilia pale juu, viganja vimekunjwa kama vilivyoshika mtu kweli. Wa saba, asiyebeba wala kubebwa, alisimama mbele peke yake akitabasamu, maana ndivyo alivyofundishwa. Kocha alikuwa anahesabu. Kwenye hesabu ya saba, mtoto wa juu hushuka. Hakukuwa na mtoto wa juu. Wote sita walisogea ndani kwa pamoja, vifua vikagongana, mikono ikapokea.

"Nane," akasema Kocha.

Miaka yote ishirini na tatu, baada ya nane ilifuata moja. Watoto walibaki wamekumbatiana pale, wakiisubiri. Telesphor akaenda kuzima muziki.

Kocha, ahsante. Ahsante kwa viazi, kwa ribini, na kwa kila mgongo wa mtoto uliorudi nyumbani mzima. Ahsante hata kwa lile tusilokubaliana nawe. Tunajua hutarudi Machakos sasa hivi, foleni ya upasuaji wa goti hospitalini ni ndefu na unabaki nasi hapa hapa Peckham. Tunakuombea goti jipya, Jumamosi za kulala hadi jua liingie chumbani, na afya ya kuzifaidi.

Na siku ukiteleza, iwe ngazini, iwe kwenye barafu ya Januari, usione haya. Ita kwa sauti ile ile. Mtaa huu una watoto saba wasiojua kukwepa.