Maisha ya Mama Vitufe, Fundi wa Tovuti za Watu Wote

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Vitufe, na mkijisikia kucheka mcheke, maana yeye hakuwahi kuondoka msibani bila kumvunja mtu mbavu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1978, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, akamaliza sekondari mwaka 1996, akajiunga na chuo cha uchapaji kujifunza kupanga kurasa za magazeti, na tovuti zilipoingia akajifundisha kuzitengeneza kwenye kompyuta ya kuazima.

Mwaka 2009 aliajiriwa na idara ya maji, akaitengenezea tovuti ya kulipia ankara na kutoa taarifa za mabomba yaliyopasuka, yenye herufi nyembamba za kijivu na picha zinazocheza, akatembea kifua mbele, mpaka mpokea simu wa ofisi hiyohiyo, kijana asiyeona, alipomwambia, "Dada, nasikia umefanya kazi nzuri, hebu njoo uisikilize," akawasha programu inayomsomea skrini kwa sauti, nayo ikasema, "Kitufe, kitufe, picha, kitufe," hivyo hivyo hadi mwisho. Dada alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikamwisha, akarudi mezani kwake kuanza upya.

Mkuu wa idara alikuja juu. "Wasioona ni wangapi hapa mjini, hata tubomoe kazi iliyokwisha?" Dada akajibu kwamba hajui, ila anamjua mmoja, na kama huyo hawezi kuingia, basi na yeye anatoka. Akaruhusiwa kujaribu, akakikuza kila kitufe na kukipa jina, akakoza herufi, akaeleza kila picha kwa maneno, akaweka maandishi chini ya video, akahakikisha kibodi peke yake inatosha, bila kipanya. Ndipo yakaanza mambo: wazazi waliobeba watoto wakalipia kwa dole gumba moja, madereva wakasoma juani bila kukunja uso, wazee waliosahau miwani wakaacha kupanga foleni, na mkuu mwenyewe akakutwa akitazama video ya idara bila sauti, akisoma maandishi, mjukuu kamlalia begani. Akamwitikia dada kwa kichwa tu, asije akamwamsha mtoto.

Tarehe 18 Desemba 2010 dada alifunga ndoa na yule mpokea simu, ambaye hadi leo anadai alipenda kicheko kabla ya kumjua mwenye nacho, wakajaliwa mabinti wawili, wote wabishi kama mama yao.

Februari mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma, akaendelea na kazi kwa wa kushoto na kibodi, akisema kumbe miaka yote alikuwa akijitengenezea mwenyewe. Hata wodini alimwita fundi kompyuta wa hospitali kitandani, akamgombeza kwamba kitufe cha kuomba miadi ni kidogo kama punje ya mtama, na kikakuzwa. Alituaga Jumapili asubuhi, mumewe kamshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na ninyi mlioketi karibu na shemeji yetu leo, mkimnong'oneza nani ameingia na maua ni ya rangi gani, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ya dada.

Dada yetu, umefanya kazi ukachoka, sasa pumzika kwa amani.